Viatu vya Mlango wa Uani

Kwa zaidi ya miaka thelathini mlango wa uani wa nyumba ile ulikuwa na jozi moja ya kandambili, na hata kuiita jozi ni kuibebesha sifa isiyo yake, kwa sababu ya kushoto ilikuwa ya bluu na ya kulia ya kijani. Hazikuwa za mtu. Anayetoka kwenda kwenye kamba ya nguo, kwenye banda la kuku, kwenye tangi la maji au chooni alitumbukiza miguu, akaenda, akarudi, akazivua palepale kizingitini zikiwa zimeangalia nje, tayari kwa mwingine. Mgeni alizivaa. Jirani aliyekuja kuomba kiberiti aliondoka nazo, kisha akazirusha juu ya ukuta, moja moja, bila hata kupiga hodi. Katika nyumba ile watu waliweza kununiana wiki nzima kwa sababu ya kijiko, lakini si kwa sababu ya kandambili za uani.

Mwenye nyumba alikuwa mama wa miaka sitini na minne ambaye mtaa mzima ulimwita Shangazi. Kwa damu alikuwa shangazi wa watu wawili tu, lakini hao wawili aliwalea yeye, na walikuwa na midomo, wakalitangaza jina mpaka muuza mkaa naye akawa anamwamkia, "Shikamoo, Shangazi," ilhali wamepishana miezi mitatu tu. Alikuwa amestaafu udobi wa hospitali. Miaka thelathini na moja alisimama mbele ya mashine kubwa za kufulia, na siku aliyostaafu aliapa kwamba nguo za nyumbani kwake zitafuliwa kwa mkono, kwa sababu mashine, alisema, ina nguvu lakini haina macho.

Uani ndiko alikoishi. Chumbani alikwenda kulala tu. Uani alikuwa na kuku kumi na saba, matuta mawili ya mboga, kamba tatu za nguo, na kando ya tangi sakafu ya saruji ya kufulia, iliyopasuka katikati na yenye ukoko wa kijani ambao haukutoka hata kwa brashi ya chuma. Ukimtafuta asubuhi ulipiga hodi mlango wa mbele kwa adabu tu, kisha ukazunguka nyuma.

Ndiyo maana maneno ya Sista yalimkata maini.

Sista wa kliniki ya kisukari alikuwa binti mdogo mwenye miwani mikubwa na subira ya kutisha. Siku hiyo hakupima damu tu. Alimlaza Shangazi kitandani, akatoa kijiti chenye uzi mgumu wa plastiki kwenye ncha, akamwambia, "Bibi, funga macho. Nikikugusa, sema ndiyo."

Shangazi akafunga macho, akasubiri. Kimya kilipozidi akaona aibu, akasema, "Ndiyo."

"Sijakugusa, Bibi."

Akasubiri tena. "Ndiyo," akasema, safari hii kwa sauti ya mtu mwenye hakika zake.

Shangazi alipofungua macho alimkuta Sista anaandika. Kila mguu uliguswa mara kumi. Wa kulia ulisikia mara tatu na wa kushoto mara mbili, na hizo mbili, Mungu amsamehe, alibahatisha.

"Miguu yako imekufa ganzi," Sista alisema. "Sasa nisikilize vizuri. Peku usitembee, hata hatua moja, hata ndani ya nyumba. Kandambili ziache kabisa. Ziko wazi, zinateleza, na ule mkanda utakukata katikati ya vidole usijue. Tafuta kiatu cha kutumbukiza, maana kuinama kufunga kamba kunakutia kizunguzungu. Kifunike vidole, soli iwe nene, na kisibane. Halafu kila ukitaka kukivaa, kikung'ute kwanza, uingize mkono ndani mpaka mwisho. Kila mara. Bibi, umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Kidonda kinachokuuma utaniletea mwenyewe. Mimi naogopa kile usichokisikia."

Usimcheke Shangazi kwa kuingiwa na hofu. Mwingine angesikia maneno tu, lakini yeye aliona mashuka. Mashuka ya wodi namba tano, ya wagonjwa wa kisukari, yalikuwa yakifika udobini kwenye magunia yake peke yake, na dobi mzoefu huyasoma. Chini kabisa, pale miguu inapolala, huwa na madoa mawili ya kahawia ya dawa. Wiki mbili, wiki tatu, madoa ni mawili. Kisha siku moja linakuja shuka la kitanda kilekile, namba ileile imeshonwa pindoni, na doa ni moja. Yeye na wenzake walilitupa kwenye mashine, wakaongeza sabuni.

Nyumbani alipiga kimya. Alikuwa akiishi na mwanawe wa pekee, dereva wa boza la maji, na mke wa mwanawe, fundi cherehani aliyeshonea sebuleni. Mwaka uliopita, msimu wa mvua, Shangazi aliteleza kwenye ule ukoko wa kijani akavunjika kifundo cha mkono. Dereva alikuja na maneno aliyokuwa ameyapanga njiani: kampuni yake ina nyumba za wafanyakazi, ghorofa ya tatu, maji ndani, choo ndani, hakuna pa kutelezea. "Mama, kwa sasa nimekubali ubaki hapa," alisema. "Lakini likitokea lingine, lolote lile, tunahama. Kuku tunauza."

Na Dereva hakuwa mtu wa kutishia bure. Akishakata shauri, amekata. Basi Shangazi alipiga mahesabu yake akiwa amekaa kwenye ndoo aliyoigeuza juu chini. Akisema, uani umekwenda. Asiposema, huenda mguu ukaenda. Akajitafutia njia ya katikati: atanunua kiatu, na atafunga mdomo.

Watu wengi hawachagui viatu vya uani, na tuseme ukweli. Wanachukua kiatu cha kutokea kilichochoka, wanakishusha cheo. Shangazi hakuwahi maishani mwake kununua kiatu cha kulishia kuku, na alipofika sokoni kwenye safu ya viatu hakujua aanzie wapi. Alishika vya plastiki vyenye matundu juu kama chujio. Vyepesi, vinaoshwa, lakini kupitia matundu yale aliona kaa la moto likidondoka. Alishika vya ngozi laini, akaona tope la siku moja litavimaliza. Alishika mabuti ya mvua, na hayo kuyavua yalihitaji mtu wa pili. Mwisho akashika vya turubai, vya kutumbukiza, vyenye lastiki pembeni.

"Jaribu, mama," muuzaji alisema. "Vipi, vinabana?"

Swali hilo alikuwa ameulizwa tangu utotoni, na siku zote jibu lilikuwa kwenye vidole, linapanda lenyewe. Sasa alisikiliza huko chini, kukawa kimya. Kwa macho aliona kwamba mguu umeingia. Zaidi ya hapo hakuwa na habari yoyote.

"Haviko vibaya," alisema.

"Tembea kidogo basi."

Akatembea kidogo, ametoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Akajaribu vikubwa, akaona ni sawa na kutembea peku. Akarudia vidogo. Hivyo angalau alisikia kitu kikimshika, kwa mbali, karibu na kifundo, akaona hivi ndivyo. Akachukua vidogo.

Siku tatu baadaye, akijikagua nyayo kwa kioo cha kunyolea cha marehemu mumewe, alikuta lengelenge kando ya kidole cha mwisho. Lilikuwa limejaa maji na lilikuwa na ukubwa wa punje ya mahindi. Alilibonyeza. Halikuuma hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha. Alikaa kitandani na kioo mkononi, akiwaza shuka lenye doa moja.

Fundi viatu wa kona ya mtaa aliitwa Gundi, kwa sababu vidole vyake havikuwahi kuachana na gundi, na kwa sababu akikushika kwa mazungumzo hakuachii. Shangazi alimwendea na vile viatu ndani ya mfuko mweusi, akiangalia nyuma mara mbili kana kwamba amebeba cha wizi.

"Nivipanue?" Gundi aliuliza, akivigeuza. "Hivi vimekubana tangu siku ya kwanza, Shangazi. Ulivinunuaje?"

"Nilikuwa na haraka."

"Haraka ya kwenda kwa kuku?" Akacheka peke yake, akavuta kigoda, akauweka mguu wa Shangazi juu yake ili aupime. Kisha akambonyeza kidole gumba kwa mpini wa msharasi wake wa kutobolea ngozi, kwa nguvu, jinsi fundi anavyobonyeza ngozi kujua kama imekauka. Shangazi aliendelea kuangalia pikipiki zikipita.

Gundi akanyamaza. Watu wa mtaa ule wangelipa kiingilio kumwona Gundi amenyamaza.

"Imeanza lini?" aliuliza mwishowe, kwa sauti ya chini.

"Nini?"

"Shangazi."

Akainamisha kichwa. "Mwaka jana. Ilikuja polepole."

"Dereva anajua?"

"Hajui na hatajua. Na ukifungua huo mdomo wako, mimi na wewe basi."

"Mdomo wangu mimi?"

"Huohuo."

Gundi akachukua boksi tupu, akalipasua, akalilaza chini. "Simama hapa juu, wima, miguu yote miwili. Na jioni urudi tupime tena, mguu huvimba mchana kutwa." Akazungusha penseli, akaongeza upana wa kidole kimoja mbele, akakata. Akainua kile kipande chenye umbo la unyayo. "Sasa mguu wako hausemi kweli tena, kwa hiyo usiuulize. Uliza hili boksi. Liingize ndani ya kiatu. Likijikunja pembeni, kiatu ni kidogo, hata muuzaji aape mpaka kesho. Umeelewa?"

Alielewa, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya Sista alivuta pumzi ikafika chini.

Viatu alivyomtengenezea Gundi badala ya vile vya turubai vilikuwa na sura mbaya, na mwenyewe alikiri. Pua pana, ngozi nyeusi ngumu ya mabuti ya kazi, kisigino chenye ukingo mfupi ili mguu uingie bila kushikwa, soli ya tairi iliyomwongezea Shangazi urefu. Ndani hakuna mshono, juu hakuna tundu. Lile boksi lililala humo bila kujikunja hata unywele.

"Mama," Mkwe alisema siku ya kwanza, kipimo cha kushonea kikimning'inia shingoni, "hivi ni viatu au ni mitumbwi?"

"Ni viatu vya kuku. Kuku wangu wana heshima zao."

Wakacheka, na Shangazi akacheka zaidi ya wote ili mambo yaishie hapo.

Lakini pa kuviweka palimnyima raha. Akiviweka chini ya kitanda, ataulizwa tangu lini kiatu cha uani kimelala chumbani, na ataonekana mchoyo. Akasema moyoni, viwe pale pale mlangoni kama vitu vingine vyote vya nyumba hii. Siku mbili hazikupita, Mkwe alikuwa anavivaa kwenda kuanika, Dereva anavivaa visigino vikiwa nje kwenda kuoga, na jirani wa kiberiti kavipitisha juu ya ukuta. Shangazi aliviona vikitua kwenye vumbi. Angewaambiaje wasivivae bila kusema kwa nini?

Na ule mkono wa Sista? Siku mbili za kwanza aliuingiza. Siku ya tatu Mkwe alimfuma amechuchumaa na kiatu kimemeza mkono mpaka kwenye kiwiko.

"Mama, unatafuta nini humo?"

"Mjusi."

"Umempata?"

"Amekimbia."

Aliona haya, na baada ya hapo akaacha. Usiseme ni uzembe. Kandambili haina ndani. Kila kitu chake kiko juu, unakiona umesimama, na kama kuna jiwe unalipangusa kwa mguu wa pili. Nyumba ile ilikuwa imeishi na kandambili miaka yote hiyo, na hakuna mtu hata mmoja ndani yake, mkubwa wala mdogo, aliyewahi kufikiri kwamba kiatu kilichokaa mlangoni kinaweza kuwa na kitu tumboni.

Jumatano jioni, jua likiwa bado lipo, Mkwe alikaa kwenye kizingiti cha uani kufumua gauni la mteja mmoja mkorofi aliyenenepa na kudai ni kitambaa kilichosinyaa. Kama mafundi wengi, Mkwe alifumulia wembe, na wembe wenyewe huuvunja katikati ili ashike nusu moja kwa vidole viwili. Alipomaliza alisimama, akalikung'uta gauni, nyuzi zikaruka. Kisha akaanza kuinamainama.

"Mama, hujauona wembe wangu? Ile nusu. Nilikuwa nao hapa hapa."

Shangazi akaja mbio. Kwake yeye, hofu ilikuwa moja: kuku hudonoa chochote kinachong'aa. Wakafagia kizingiti. Wakakung'uta mkeka. Wakainua kandambili ya bluu, wakainua ya kijani. Wakavisogeza vile viatu vyeusi pembeni, wakafagia pale vilipokuwa, wakavirudisha.

"Labda umeingia kwenye takataka," Mkwe alisema.

"Labda," Shangazi alisema, lakini hakutulia. Alilala akiwaza kuku.

Asubuhi alitumbukiza miguu akatoka hata kabla ya kunawa uso. Akafungua banda, akawashika kuku mmoja mmoja, akiwapapasa kooni, akiwatazama midomo. Kumi na saba, wazima wote. Akawamwagia chakula, akamshukuru Mungu kwa sauti, akapita kwenye matuta kung'oa magugu, kisha akaenda kwenye tangi, akaloweka mashati ya Dereva, akaanza kufua. Alipomwaga maji ya kwanza alisikia kiatu cha kulia kikilia kila anapokanyaga, chwa, chwa, chwa. Maji yameingia. Akamcheka Gundi kimoyomoyo: hakuna tundu, hakuna mshono, kumbe porojo. Akaendelea kusuuza.

Mkwe akatoka na kitambaa cha kuanika. Akasimama.

"Mama, kuna kuku ameumia?"

"Kwa nini?"

"Kuna damu hapa."

Shati likamwanguka Shangazi. Wembe! Alijua, alijua tu tangu jana. Akakimbilia bandani, akamnyakua kuku mwekundu, akamfunua mbawa, akamgeuza miguu juu. Hakuna kitu. Akamwachia, akamkimbiza jogoo.

"Mama, simama," Mkwe alisema. Alikuwa akitembea ameinama, akifuata kitu chini.

"Ngoja, huyu jogoo naona kama anachechemea..."

"Mama! Simama hapo hapo. Usikanyage."

Sauti ile haikuwa ya mkwe kwa mama mkwe. Shangazi akasimama. Akageuka kuangalia nyuma yake, akaiona njia aliyotoka kuipita, imeandikwa: kutoka tangini mpaka bandani, nyekundu juu ya saruji iliyolowa, nyeusi juu ya vumbi. Akaitazama kama alivyokuwa akitazama mashuka. Alama zilikuwa za upande mmoja. Doa moja, hatua, doa moja, hatua, doa moja, mpaka chini ya kiatu chake cha kulia.

Hakulia wala hakupiga kelele. Mkwe akamwahi na ile ndoo, akamkalisha. Akamvua kiatu. Kilichotoka humo si maji. Na katika nyama ya unyayo, nyuma kidogo ya kidole gumba, nusu ya wembe ilikuwa imezama, imebaki ncha tu.

Mkwe akaziba mdomo kwa mkono. "Hukusikia?"

Shangazi akatikisa kichwa.

"Mama, umetembea asubuhi nzima. Hukusikia kabisa?"

"Sisikii kitu, mwanangu," Shangazi alisema, na sasa machozi yakaja, ya woga mtupu. "Tangu mwaka jana. Usimwambie mume wako. Tafadhali, usimwambie."

Lakini kuna mambo hayafichiki ukiwa umefungwa shuka zima mguuni. Kliniki walitoa wembe, wakashona nyuzi saba, na Shangazi alizitazama zote saba zikipita bila kukunja uso. Sista hakumgombeza. Aliuliza swali moja tu, "Uliingiza mkono?" na Shangazi akaangalia ukuta.

Dereva alikuja nyumbani saa sita mchana, bado ana nguo za kazi. Alisimama uani, akazitazama zile alama ambazo hakuna aliyekuwa amepata nafasi ya kuzifuta, akazifuata kwa macho kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Nilisema," alisema. "Nilisema likitokea lingine. Mwisho wa mwezi tunahama."

Shangazi alikuwa amekaa mlangoni na mguu juu ya kigoda. Maji yalikuwa yamemfika shingoni. Aliwatazama kuku wake kwa macho ya kuaga.

"Wembe haukutoka uani," Mkwe alisema.

"Umetoka wapi?"

"Kwangu. Nimeudondosha mimi, nikifumua nguo. Ukituhamishia ghorofani, cherehani inabaki hapa?"

Dereva akatupa jicho sebuleni.

"Itapanda ngazi na sisi. Nyembe zitapanda, sindano zitapanda, pini zitapanda. Uani haujamfanya Mama kitu." Alikuwa analia huku anasema, na hakujipangusa. "Mama alificha kwa sababu yako. Kwa sababu ya hilo neno lako la kuhama. Angeniambia, unadhani ningekosa kuangalia ndani ya kile kiatu? Nilikisogeza kwa mkono wangu huu, nikafagia chini yake!"

Dereva akakaa kwenye ile ndoo. Akavua kofia, akaikunja, akaikunjua. Alikuwa mtu mzima mwenye nguvu za kuendesha boza la lita elfu kumi, na alikaa pale hajui mikono aiweke wapi.

"Mama," alisema, "mimi niliogopa tu."

"Na mimi," Shangazi alisema.

"Basi tusubiri kidonda. Kikipona, tunabaki. Kisipopona..."

Ikawa kusubiri. Wiki ya pili kidonda kilikuwa na harufu, na Sista akabadilisha dawa. Wiki ya tatu ukingo mmoja ukawa mweusi, na Sista akaacha kutania. Nyumbani Shangazi alilalia shuka jeupe, na kila asubuhi, kabla ya kusema lolote, alilifunua akaangalia chini, pale miguu ilipolala. Aliota mashine za kufulia. Kuku walilishwa na Mkwe, mboga zikamwagiliwa na Dereva, vibaya, akizizamisha, na Shangazi alitazama haya yote kutoka mlangoni bila kusema kitu, jambo ambalo kwake lilikuwa ugonjwa wa pili. Gundi alipita kumwona, akakaa nusu saa nzima na kuzungumza maneno kumi. Wiki ya tano ule weusi ukaanza kubanduka, chini yake kuna rangi ya nyama hai. Wiki ya tisa Sista alivua miwani, akaipangusa, akairudisha, akautazama unyayo mara ya pili.

"Kidonda kimefunga," alisema. "Bibi, kimefunga."

Gundi alikuwa ameshatengeneza viatu vingine, maana vile vya kwanza hakuna aliyetaka kuviona. Dereva alipigilia misumari miwili ukutani, juu, kando ya mlango wa uani, akavitundika huko. Kandambili ya bluu na ya kijani zikabaki kizingitini kwa wengine wote, na jirani wa kiberiti akaelezwa kwa maneno machache na makavu.

Asubuhi ya kwanza, Shangazi alikaa kwenye kigoda ndani ya mlango, soksi nyeupe miguuni. Nje kuku walikuwa wanamsikia na kupiga makelele. Mkwe akavitungua viatu. Akakung'uta cha kushoto, akaingiza mkono mpaka mwisho, akautoa. "Hiki hakina kitu, Mama." Akakung'uta cha kulia. Akaingiza mkono.

Mkono ukasimama.

Mkwe akautoa mkono polepole, akaufungua. Katikati ya kiganja kulikuwa na punje moja ya mahindi, kavu na ngumu, pengine imefichwa na panya huko mbele kabisa panapokaa vidole.

Wakaitazama wote wawili.

Mkwe akaitupa kwa kuku. Kisha akakishika kile kile kiatu, akaingiza mkono tena.